Mzee asianguke, wala asikalishwe: mwongozo kamili wa kumsaidia mzazi abaki akijitegemea

"Mama, kaa. Watoto wapo." Kauli hiyo inasikika katika nyumba nyingi mzazi akishavuka miaka sabini. Ananyang'anywa ufagio, ananyang'anywa ndoo, hata safari ya gengeni anakatazwa. Anawekewa kiti barazani, chai inamfuata, maji ya kunawa yanamfuata. Nia ni njema kabisa. Lakini misuli isiyofanya kazi hupungua, na kwa mzee hupungua haraka kuliko kwa kijana. Wiki chache za kukalishwa zinatosha kumfanya aliyekuwa akiinuka mwenyewe aanze kujivuta kwa mikono. Halafu usiku mmoja anakwenda chooni peke yake, na miguu inamwangusha.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama zetu. Katika ajali zote zisizokusudiwa, ni za barabarani tu zinazoua zaidi. Wanaokufa zaidi kwa kuanguka ni wenye miaka 60 na kuendelea. Hata hivyo tunasema "ni uzee tu", wakati sehemu kubwa ya kuanguka huko ina sababu inayoonekana na inayorekebishika.

Mwongozo huu ni wa mzee na wa anayeishi naye, na ni vizuri mkausoma pamoja. Hakuna hata hatua moja hapa inayofaa kufanywa kwa amri. Mzee akiona nyumba yake inapanguliwa bila kuulizwa, kesho yake atavirudisha vitu vyote mahali pake, na atakuwa na haki.

Hatua ya 1: Jua hali ilivyo sasa

Ukimwuliza mzee "umeanguka?", wengi watajibu hapana. Wanaogopa kuzuiwa kutoka, au kuhamishiwa mjini kwa mtoto. Uliza kwa upole zaidi: mara ya mwisho kuteleza au kujikwaa ilikuwa lini? Huwa unashika ukuta ukitembea ndani? Kuna mahali umeacha kwenda kwa kuhofia kuanguka? Jibu la swali hili la mwisho lina uzito sawa na kuanguka kwenyewe, kwa sababu hofu humfanya mtu apunguze mwendo, na miguu ikipumzishwa hudhoofika.

Kisha mpime kwa njia tatu rahisi. Simama karibu naye muda wote, kiti kiwe kimeegemezwa ukutani.

Kipimo cha kwanza ni cha kiti. Tumia kiti kigumu kisicho na mikono, chenye urefu wa kama sentimita 43 hivi. Akunje mikono kifuani, ainuke hadi asimame wima, akae tena, kwa sekunde 30. Hesabu mara alizosimama. Kwa viwango vinavyotumika Marekani, mwanamke wa miaka 70 hadi 79 akishindwa kufikisha mara 10 yuko hatarini. Kwa mwanaume, mpaka ni mara 12 akiwa na miaka 70 hadi 74, na mara 11 akiwa na 75 hadi 79. Asiyeweza kuinuka bila kushika hesabu yake ni sifuri. Iandike hivyo hivyo, kwa sababu ndipo mtakapoanzia.

Cha pili ni cha mwendo. Weka alama mita 3 kutoka kwenye kiti. Ainuke, atembee kwa mwendo wake wa kawaida hadi kwenye alama, ageuke, arudi, akae. Akitumia sekunde 12 au zaidi, kuna kazi ya kufanya. Angalia pia anavyogeuka: wengi hutembea vizuri kwa kunyoosha na kuyumba wakati wa kugeuka.

Cha tatu, asimame mguu mmoja ukiwa mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, bila kushika kitu. Akishindwa kudumu sekunde 10, balansi yake imepungua.

Andika majibu na tarehe. Mtayahitaji baadaye.

Hatua ya 2: Mwaga mfuko wa dawa mezani

Wazee wengi wana mfuko mmoja uliojaa dawa za kliniki ya presha, za kisukari, za duka la dawa, na za jirani "zilizomsaidia". Ubebe wote kama ulivyo, mitishamba ikiwemo, mpelekee daktari au mfamasia, na uulize swali moja: ipi kati ya hizi inaweza kumwangusha?

Dawa za usingizi kama diazepamu, ambayo wengi huiita Valium, ziko mstari wa mbele. Amitriptilini, dawa ya sonona na ya maumivu ya neva, nayo imo, na Piriton inayonunuliwa kwa mafua huwapa wazee usingizi na kuwachanganya akili. Dawa za kukojosha kama Lasix humwinua mtu kitandani usiku na kumpunguzia maji mwilini. Insulini na vidonge vya glibenklamaidi vinaweza kushusha sukari mno, hasa asipokula vizuri. Usimkatishe mzee dawa yoyote kwa uamuzi wako. Diazepamu iliyotumiwa muda mrefu ikikatishwa ghafla ina hatari zake, na presha iliyoachwa bila dawa huleta kiharusi. Mwenye kupunguza au kubadilisha ni daktari.

Omba pia apimwe presha kwa namna ambayo mara nyingi haifanyiki: kwanza akiwa amelala dakika tano, kisha baada ya kusimama dakika moja, na tena dakika ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, hapo ndipo kilipo kizunguzungu chake cha asubuhi. Mzee wa namna hiyo afundishwe kuamka kwa vituo: aketi ukingoni mwa kitanda, achezeshe vifundo vya miguu kama anayekanyaga cherehani, asubiri dakika moja au mbili, ndipo asimame huku ameshika kitu. Anayefunga Ramadhani na anameza dawa za presha, sukari au za kukojosha amwone daktari kabla mwezi haujaandama.

Nchini Tanzania hospitali nyingi za serikali zina dirisha la wazee, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inawatambua kuanzia miaka 60. Ulizia dirisha hilo kabla hujapanga foleni ya kawaida.

Hatua ya 3: Rudisha nguvu za miguu

Kama utafanya hatua moja tu katika mwongozo huu, iwe hii. Mwaka 2019 mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yaliyokusanya tafiti 108 zenye washiriki zaidi ya 23,000 yalionyesha kuwa mazoezi hupunguza matukio ya kuanguka kwa wazee kwa asilimia 23, na yaliyosaidia zaidi ni yale ya balansi na ya kuimarisha viungo. Kutembea ni kuzuri kwa moyo na kwa roho, lakini peke yake hakutoshi kumzuia mtu asianguke. Lazima mwili ufundishwe upya kusimama pale unapoyumba.

Fanyeni siku tatu kwa wiki au zaidi, karibu na meza nzito au ukuta, akiwa amevaa viatu.

Anzeni na kuinuka kitini. Miguu iwe imeachana kidogo, visigino virudi nyuma ya magoti, kifua kiende mbele mpaka pua ivuke vidole vya miguu, ndipo asukume sakafu na kusimama. Kosa la wengi ni kujaribu kuinuka huku mgongo umenyooka, na hilo hata kijana linamshinda. Kukaa kuwe kwa polepole, kwa hesabu ya moja hadi nne, asijiangushe kitini. Kukaa polepole hujenga paja sawasawa na kuinuka. Aanze na mara tano, apande hadi kumi, mara mbili kwa siku. Anayeshindwa aongezewe mto ili kiti kiwe juu, na mto uondolewe nguvu zikirudi.

Kisha ashike meza, apande kwa vidole vya miguu na kushuka taratibu, mara kumi. Halafu ainue vidole huku amesimama kwa visigino, mara kumi. Zoezi hili la pili huonekana dogo, lakini misuli ya mbele ya mguu ndiyo inayonyanyua vidole visigonge kizingiti cha mlango.

Akiwa bado ameshika meza, ainue mguu mmoja pembeni bila kuinamisha mwili, mara kumi kila upande. Amalizie kwa kutembea pembeni kando ya ukuta, hatua kumi kwenda na kumi kurudi. Misuli ya nyonga inayofanya kazi hapo ndiyo humwokoa mtu anapoyumba upande.

Balansi yenyewe inapandishwa ngazi kwa ngazi: kusimama miguu pamoja, kisha mguu mmoja mbele nusu, kisha kisigino kwa kidole, kisha mguu mmoja. Kila ngazi sekunde 10. Mkono mzima ushike meza mwanzoni, baadaye vidole viwili, baadaye mkono uelee tu juu ya meza. Zoezi lisilomyumbisha hata kidogo halimfundishi kitu, linalomtisha limezidi. Maumivu ya misuli kesho yake ni ya kawaida. Maumivu ya kifua, kukosa pumzi au kizunguzungu ni ishara ya kuacha na kwenda hospitali.

Pamoja na mazoezi, mrudishieni kazi. Kuanika nguo humfanya ainame, anyooke, anyooshe mkono juu. Kumwagilia mchicha, kufagia baraza, kwenda gengeni kununua nyanya mbili: yote hayo ni mazoezi yasiyohitaji kukumbushwa. Sujudu na kuinuka kwake ni zoezi zito la mapaja. Anayeweza bado aendelee, akiwa karibu na ukuta au kiti kizito cha kushika, na asiyeweza ana ruhusa ya kuswali ameketi. Mgawieni kazi ambayo nyumba inaihitaji kweli, kwa sababu mzee hujua haraka anapopewa kazi ya kumpumbaza.

Hatua ya 4: Pita naye njia zake

Usiikague nyumba peke yako mchana. Mwambie akuonyeshe anavyotoka kitandani usiku, anavyofika chooni, anavyooga, anavyofika jikoni. Mfuate nyuma ukitazama mikono yake: kila anaposhika ukuta, mlango au kabati ndipo panapohitaji kishikio.

Bafuni ndipo penye hatari zaidi. Sakafu ya marumaru au saruji laini iliyopigwa niru, maji ya sabuni, kizingiti mlangoni, ndoo chini, halafu mtu anasimama kwa mguu mmoja ili asugue wa pili, macho yamefumbwa kwa povu. Hata kijana anaweza kuteleza hapo. Dawa yake ni kiti. Asiwekewe kile cha plastiki chepesi, ambacho huteleza kwenye maji na miguu yake hupanuka mtu mzito akikalia upande. Kifaacho ni kiti kizito au benchi fupi la mbao, na ndoo iwekwe juu ya stuli ili asiiname kuchota. Sabuni iwe kwenye kamba au kwenye soksi iliyofungwa, isianguke. Anayetawadha naye aketi, birika mkononi, badala ya kupandisha mguu kwenye sinki.

Kishikio cha bafuni na chooni mwagize fundi. Kiwe bomba la chuma lenye unene wa sentimita 3 hadi 4, linaloenea kiganjani, na lifungwe kwa boliti zilizozama kwenye tofali lenyewe. Boliti iliyoishia kwenye plasta au kwenye marumaru itang'oka siku itakapohitajika. Akimaliza, wewe mwenyewe ning'inia kwa uzito wako wote. Fimbo ya taulo si kishikio.

Kuhusu choo cha kuchuchumaa, nina maoni yangu. Mzee ambaye bado anachuchumaa na kuinuka bila shida msimharakishie choo cha kukaa, kwani tendo hilo la kila siku limemhifadhia nyonga na magoti. Mwekeeni bomba la kushika mbele yake au pembeni, basi. Lakini magoti yakianza kugoma, mwiteni seremala atengeneze kiti imara chenye tundu, kisichoyumba, urefu wake sawa na kimo cha goti la mzee, kikae juu ya shimo. Choo kikiwa uani mbali na nyumba, usiku kuwe na poti yenye kifuniko chumbani. Hakuna aibu ndani yake.

Njia ya usiku inahitaji mwanga kabla hajasimama: tochi ndogo kando ya mto wa kulalia, mahali pamoja kila siku, au taa ya sola inayowaka mtu akipita, kwa sababu umeme hukatika bila kuaga. Ondoeni vizulia vidogo, mikeka iliyopinda pembe, waya za ekstensheni zilizokatiza sebule, na viatu vya watoto mlangoni. Kitanda kiwe na kimo ambacho akiketi ukingoni nyayo zinagusa chini. Chandarua kichomekwe vizuri kisimnase mguu.

Jikoni, anavyotumia kila siku viwe kati ya kiuno na bega, asipande stuli kufuata sufuria. Uani, ng'oeni mawe ya njiani, sugueni ukoga penye kivuli, na mwageni changarawe au mchanga panapokuwa na utelezi masika. Ngazi zote zipakwe rangi nyeupe au ya njano ukingoni, na ziwe na bomba la kushikia hadi kidato cha mwisho.

Hatua ya 5: Macho, miguu, fimbo

Macho yapimwe kila mwaka. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, na presha ya macho hula pembeni ya uoni polepole bila maumivu. Mwenye miwani ya kusomea na kuonea mbali katika kioo kimoja awe mwangalifu kwenye ngazi, maana sehemu ya chini ya kioo hufifisha kidato anachokikanyaga.

Ndala zimewaangusha wengi. Hutoka mguuni, huloa, soli huisha ikawa laini. Kiatu kizuri kina kisigino kilichofungwa, soli nyembamba ngumu yenye mikwaruzo, na hakibani. Kanga au gauni lisiburute. Lipandishwe juu ya kifundo. Mwenye kisukari nyayo zake zitazamwe kila jioni, kwa kuwa huenda hahisi kidonda.

Fimbo ipimwe: akisimama amevaa viatu, mikono imening'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Ishikwe mkono wa upande *mzima*, si wa mguu unaouma, na iende mbele pamoja na mguu mbovu. Kwenye ngazi, mguu mzima hupanda kwanza na mguu mbovu hushuka kwanza. Mpira wa chini ukilika, ubadilishwe siku hiyo hiyo.

Hatua ya 6: Sahani na kikombe

Misuli haijengwi kwa ugali na chai ya rangi. Mzee mwenye kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72 za protini kwa siku, na yai moja lina kama gramu 6. Kwa hiyo kila mlo uwe na kitu: maharage, choroko, dagaa, samaki, mayai, maziwa. Asiye na meno apewe dagaa wa kusaga, maharage yaliyopondwa, uji wenye maziwa na karanga. Mwenye ugonjwa wa figo afuate kipimo cha daktari wake.

Wazee wengi hujinyima maji wakiogopa safari za chooni. Anywe ya kutosha mchana, apunguze saa mbili kabla ya kulala. Akiamka kukojoa mara tatu au nne usiku, apimwe sukari, mkojo, na mwanaume tezi dume.

Hatua ya 7: Akianguka

Msimnyanyue. Hilo ndilo gumu zaidi, kwa sababu kila mtu hukimbilia kwapa. Mwacheni alale, apumue, ataje panapouma.

Tazama miguu. Mguu mmoja ukionekana mfupi na unyayo umegeukia nje, na hawezi kuukanyagia, nyonga imevunjika mpaka picha ya X-ray iseme vinginevyo. Asichuliwe, asivutwe mguu, asipakwe mafuta ya moto. Mfungeni miguu yote miwili pamoja na mto katikati, mbebeni juu ya kitu kigumu hadi hospitali yenye upasuaji wa mifupa. Nyonga nyingi zilizovunjika huhitaji upasuaji, na katika siku mbili za kwanza kila saa ina thamani. Anayeachwa kitandani wiki nyingi hupata vidonda vya mgongo, nimonia na damu kuganda miguuni.

Akiwa ameumia kichwa, hasa kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda kama wafarini au aspirini, apelekwe hospitali hata kama anasema yuko sawa. Kutapika, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, kichwa kinachozidi kuuma au udhaifu wa upande mmoja vinaweza kujitokeza siku au hata wiki kadhaa baadaye.

Akiwa hana maumivu makali, ainuke mwenyewe kwa njia hii, ambayo ni vizuri ajizoeze akiwa mzima. Ageukie ubavu. Ajisukume kwa kiwiko na kiganja mpaka akae kwa nyonga moja. Apige magoti na viganja chini. Atambae hadi kwenye kiti kizito, aweke mikono juu yake. Alete mguu wenye nguvu mbele, unyayo chini. Asukume kwa mikono na mguu huo, ageuke, akae. Apumzike kabla ya kusimama. Kazi yako ni kusogeza kiti.

Anayeishi peke yake abebe simu ya kitochi shingoni hata bafuni, ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni, au filimbi. Akishindwa kuinuka avute chochote cha kujifunika, na abadilishe ubavu mara kwa mara asubiri msaada.

Hatua ya 8: Wiki baada ya kuanguka

Andikeni: saa ngapi, wapi, alikuwa anafanya nini, amevaa nini, amemeza dawa gani, alipata kizunguzungu au aliteleza. Aliyeanguka bila kukumbuka ilivyokuwa huenda alizimia, na moyo wake unahitaji kupimwa. Aliyekuwa mzima na ghafla ameanza kuanguka mara kwa mara apimwe malaria, nimonia na maambukizi ya mkojo. Kwa wazee magonjwa haya huweza kuja bila homa kali.

Kama hakuvunjika, asilazwe. Kesho yake atembee ndani, akisindikizwa bila kushikwa kama mgonjwa, na mazoezi yaanze tena ndani ya siku chache. Mwulize ni jambo gani analiogopa zaidi sasa, mlifanye pamoja mara kadhaa.

Miezi mitatu tangu mlipoanza, toa ile karatasi ya vipimo na rudia vyote vitatu kwa kiti kile kile na alama ile ile ya mita 3. Hesabu ya kuinuka ikiwa imepanda, ongezeni ugumu: kiti kifupi zaidi, au mkono mmoja umeshika chupa ya maji ya lita moja. Ikiwa imebaki pale pale au imeshuka licha ya mazoezi, mpelekeni kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, katika hospitali ya wilaya au ya mkoa, na mwende na karatasi hiyo.